MSHAHARA WA NESI HAUFIKI GRAMU MBILI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wachimbaji wa Rwamgasa, Geita. Msemaji ameyaandika upya ili yamfikie pia kijana wa Mwanza, Shinyanga, Dar es Salaam na kila anayesoma ukurasa huu.)



Leo sikuja kuzungumza habari za rashi mpya wala bei ya kusagisha mawe kwenye karasha. Hayo mnayajua kuliko mimi. Nimekuja kuzungumza mshahara wa mtu mmoja ambaye siku duara likikufukia, yeye ndiye wa kwanza kukushika ukifika hospitali. Mtu huyo ni nesi wa mapokezi ya majeruhi, hasa yule wa zamu ya usiku.

Na wewe unayenisoma ukiwa kijiweni mjini, usifunue ukurasa ukakimbilia michezo. Unaendesha bodaboda? Unaning'inia mlangoni mwa daladala? Unabeba zege kwenye ghorofa la tajiri? Basi na wewe nesi huyu anakuhusu. Siku ya siku mtakutana, na hutachagua saa ya kukutana naye.

Nianze na yaliyonikuta mimi mwenyewe. Miaka ile nikiwa bado nashuka, jiwe lilinibana mguu usiku. Wenzangu walinitoa, wakanifunga shati juu ya jeraha, wakaniweka katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Nilifika kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Nikamkuta nesi mmoja peke yake, akizunguka baina ya mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye degedege, na mimi niliyekuwa natoa damu na matusi kwa pamoja. Ndiyo, nilimtukana. Nilimwambia mnakula mshahara wa bure.

Yule dada hakunijibu. Alimwambia mwenzangu amulike tochi, akanisafisha, akanishona, akanitundikia dripu. Kulipokaribia kucha ndipo akaniambia, "Kaka yangu, mimi hii ni zamu ya pili mfululizo. Mwenzangu wa kunipokea hayupo. Na hela ya zamu za mwezi uliopita sijaiona." Akaondoka kwenda kumzalisha yule mama.

Mguu huu ninaosimamia leo ni kazi ya mikono yake. Tangu siku ile nimejiuliza: hivi huyu mtu analipwa nini?

HESABU YA MFANO

Tuihesabu pamoja, maana nyinyi ni watu wa mizani.

Serikali inawalipa watumishi wa afya kwa ngazi zake, zinaitwa TGHS. Muuguzi mwenye cheti huanzia ngazi A, mwenye diploma ngazi B, mwenye shahada juu ya hapo. Ndani ya kila ngazi kuna vidato vya kupanda mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hakuna mshahara mmoja wa manesi wote. Ili tuelewane, tuchukue mfano wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Hii ni namba ya kufanyia hesabu tu.

Makato yake haya hapa. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua asilimia 5, yaani shilingi 35,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 21,000. Kodi ya mshahara, kwa viwango vya TRA vya kusamehe 270,000 ya kwanza, kisha asilimia 8, kisha asilimia 20, inakuja 49,000. Na kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara, nayo ni 105,000.

Jumlisha. Makato ni shilingi 210,000. Zinazobaki mkononi ni 490,000. Hapo hatujagusa ada ya chama cha wafanyakazi, wala mkopo wa benki aliokopa kununua kiwanja, wala nauli, wala kodi ya nyumba.

Sasa weka dhahabu kwenye mizani upande wa pili. Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na wakia ni gramu 31.1. Kwa bei hiyo gramu moja ni dola 128 na ushee, yaani zaidi ya shilingi laki tatu. Kwa hiyo mwezi mzima wa nesi wetu wa mfano, usiku na mchana, damu na vilio, ni kama gramu moja na nusu. Hata akiwa hana deni la Bodi ya Mikopo atabaki na 595,000, na gramu mbili bado hazijatimia.

Najua wewe huku hupewi bei ya soko la dunia. Najua pia wapo kati yenu wanaomaliza mwezi bila kuona hata pointi tano. Sisemi mchimbaji ni tajiri. Nasema mtu aliyekabidhiwa roho yako analipwa kwa mwezi kitu ambacho kwa mwenye bahati kinatoka kwenye mifuko michache ya mawe.

Chukua hesabu nyingine. Sheria ya kazi inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, sawa na saa 195 kwa mwezi. Gawa zile 490,000 kwa 195. Unapata kama shilingi 2,500 kwa saa. Nenda kwa mama lishe, uliza hiyo inakununulia sahani ya nini.

NGAZI HAIONI DAMU

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ngazi ya mshahara inatazama cheti na miaka ya kazi. Haitazami chumba mtu anachofanyia kazi. Nesi anayepima watoto uzito saa nne asubuhi na nesi anayepokea majeruhi wa kifusi saa nane za usiku, kama vyeti ni sawa na miaka ni sawa, mshahara wao ni sawa. Wote ni wauguzi na wote tunawahitaji. Lakini hatari si sawa, usiku si sawa, na damu ya kurukiwa usoni si sawa.

Vilevile ngazi haitazami mahali. Shilingi aliyopangiwa nesi wa mjini kwenye maji ya bomba na shule nzuri ya watoto ndiyo hiyo hiyo ya nesi aliyepangwa kijiji cha dhahabu, ambako rashi ikitokea chumba cha kupanga kinapanda bei kwa wiki moja. Mwenye nyumba anampenda mchimbaji anayelipa taslimu. Nesi anaambiwa ahame.

Wakubwa hili wanalijua. Mwaka 2010 serikali ilitoa Sera ya Malipo na Motisha katika Utumishi wa Umma, kwa nia ya kuwavuta watumishi na kuwabakiza katika maeneo yenye mazingira magumu. Ahadi ni deni. Kijana wa Rwamgasa, kamwulize nesi wako kama ile motisha imewahi kumfikia.

Kinachotakiwa kuziba pengo ni posho: ya kuitwa kazini usiku, ya saa za ziada, ya sare. Hizi mara nyingi hutegemea fedha za halmashauri au makusanyo ya hospitali yenyewe. Makusanyo yakiyumba, posho inageuka malimbikizo. Nyinyi duarani mna mgawo: mwenye eneo, mwenye duara, mfadhili, mchimbaji. Mgawo huo una manung'uniko yake, tena mengi. Lakini unajulikana kabla mtu hajashika kamba kushuka. Nani kati yenu angekubali kushuka leo, mawe yatoke leo, halafu aambiwe mgawo wako tutakutafutia mwakani?

MIAKA YA KUKAZA MKANDA

Kuanzia 2016 ajira na nyongeza za mishahara serikalini zilisimama. Tukaambiwa kuna watumishi hewa, wahakikiwe kwanza. Aprili 2017 ikasomwa orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi, na sekta ya afya ilipoteza watu humo. Mwenye cheti cha kughushi sina cha kumtetea. Ninachouliza ni hiki: walipoondoka, zamu zao nani alizifanya? Alizifanya aliyebaki, kwa mshahara ule ule.

Kima cha chini hakikupanda hadi 2022, kilipotangazwa kuongezwa kwa asilimia 23.3. Watu wakashangilia. Julai, mishahara ilipotoka, walio juu ya kima cha chini wakakuta nyongeza ya kiduchu, manung'uniko yakajaa nchi nzima. Asilimia ile ilikuwa ya wa chini kabisa. Wengine kadiri unavyopanda ndivyo inavyopungua. Mei Mosi 2025, Singida, ikatangazwa tena: kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, ongezeko la asilimia 35.1. Hiyo ni hatua, na mwenye haki hasemi uongo. Ila kijana, ukisikia asilimia inatajwa jukwaani, uliza swali moja: asilimia ya nani?

Hospitali binafsi nako kuna mambo. Agizo la mishahara la mwaka 2013 liliweka kima cha chini cha sekta binafsi. Kwa wafanyakazi wa huduma za afya kilikuwa shilingi 132,000 kwa mwezi. Kwa wafanyakazi wa migodi yenye leseni kubwa, 400,000. Kwa leseni ndogo za uchimbaji, 200,000. Agizo hilo limekwisha kubadilishwa, mwaka 2022 na tena 2025. La mwisho limepandisha wastani wa sekta zote kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Lakini fikiria jinsi taifa lilivyopima mwaka ule: anayechimba thamani yake mara tatu ya anayefanya kazi hospitali anakotibiwa huyo mchimbaji!

Halafu kuna kundi ambalo halimo katika ngazi yoyote. Ni vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi, wana leseni, serikali haijawaajiri, wako hospitalini "wanajitolea" kwa posho ndogo au bila posho. Nchi inalia haina manesi wa kutosha, manesi wanalia hawana kazi. Wewe unayetafuta kazi mjini unaijua hali hiyo. Basi jua kwamba anayekuchoma sindano huenda naye yuko hali yako.

KWA NINI HAWAGOMI

Mtaniuliza, mbona hawagomi? Wachimbaji tukidhulumiwa tunaweka sululu chini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazitaja huduma za afya kuwa huduma muhimu, pamoja na maji, umeme na zimamoto. Wa huduma hizo hawaruhusiwi kugoma. Mgogoro wao unatakiwa kwenda kwenye usuluhishi na uamuzi. Mwaka 2012 madaktari waligoma. Serikali ikaenda mahakamani, na Juni mwaka huo kiongozi wao, Dkt. Steven Ulimboka, akatekwa, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande. Kila mtumishi wa afya aliyekuwa na macho aliona.

Kenya manesi wa serikali waligoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, miezi mitano. Walioumia zaidi walikuwa watu kama sisi, wasio na fedha za hospitali binafsi. Kwa hiyo sisimami hapa kuwaambia manesi wagome. Mimi huo mguu nisingekuwa nao.

Ila haki ina pande mbili. Ukimfunga mtu mdomo kwa sababu kazi yake ni muhimu, mlipe kama mtu ambaye kazi yake ni muhimu. Ukimnyima silaha ya mgomo, basi mwingine amsemee. Na anayestahili kumsemea ni yule anayemtegemea, yaani wewe.

"LAKINI WANA LUGHA CHAFU"

Nayasikia manung'uniko. Manesi wana majibu ya mkato. Wengine wanataka chochote. Kuna anayekwambia glovu hakuna, halafu ukitoa kitu zinaonekana.

Sitawatetea katika hilo. Rushwa kwa mgonjwa ni dhambi na ni jinai, iripotiwe. Nesi mwenye njaa aliyekataa rushwa yupo, nimemwona kwa macho yangu. Lakini tusijifanye hatujui mambo yanavyokwenda. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, mwenye zamu mbili mgongoni, anayedai posho ya miezi, ukimkuta na ukali usishangae. Ukali huo haukuanzia wodini, umeanzia kwenye karatasi ya mshahara. Wanaotunyanyasa sisi na yeye wanafurahi wanapotuona tunatukanana mapokezi.

Tena tukumbuke fadhila. Nyangalata, wilaya ya Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiishi kwa mizizi na wadudu. Walikimbizwa hospitali, mmoja alifariki baadaye, wanne wakaishi. Januari 2017, hapa jirani Nyarugusu, watu 15 wa mgodi wa RZ walifukiwa, wakatoka hai wote. Tuliwapongeza waokoaji, na walistahili. Lakini mtu aliyekaa gizani siku 41 hauwezi kumpa ugali na kumwambia nenda nyumbani. Kuna aliyekesha akimpa maji kwa kipimo. Jina lake unalijua?

Januari 2024 huko Bariadi kifusi kiliua watu 22. Mgodi mwingine utaporomoka. Swali ni kama siku hiyo mapokezi patakuwa na mtu, na kama mtu huyo atakuwa amelala usingizi walau saa sita.

DHAHABU YETU INALIPA NINI?

Wataniambia fedha hakuna. Haya, tuhesabu tena.

Sheria ya madini ilipobadilishwa 2017, mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1, ingawa baadaye dhahabu inayouzwa kwa viwanda vya kusafishia nchini ilipewa nafuu. Halmashauri nayo ina ushuru wa huduma, asilimia 0.3. Machi 2019 soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita, mambo yakawa ya mizani na stakabadhi. Katika kila gramu 100 zinazopita sokoni kwa viwango vile, gramu 7 ni za serikali. Kwa bei ile ya Oktoba 2025, gramu 7 zinamlipa nesi wetu wa mfano mshahara kamili wa miezi mitatu, na chenji inabaki. Gramu mia moja tu!

Majengo yamejengwa, tusikatae. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake nchini. Fedha za UVIKO-19, ile trilioni 1.3 ya mwaka 2021, zilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za wilaya. Vitanda vipo, mashine zipo. Lakini jengo halishoni jeraha. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na anayeunda huduma ni mtu.

TUFANYE NINI

Sitaki muondoke hapa na hasira tupu. Yapo mambo matatu.

La kwanza, mkutano mkuu wa kijiji ni wako. Simama uulize: zahanati yetu inatakiwa iwe na wauguzi wangapi, wapo wangapi, na wanadai posho za miezi mingapi? Utaambiwa kaa chini wewe kijana. Usikae. Hilo si tusi kwa mtu yeyote, ni hesabu.

La pili, kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Vijana wachimbaji tunawaachia wazee nafasi hizo kwa sababu hatuoni ulaji ndani yake. Gombea. Kaa pale wanapogawa fedha za kituo. Diwani naye mwulize ushuru wa dhahabu yetu umenunua zamu ngapi za usiku.

La tatu ni dogo, halihitaji mkutano. Ukifika mapokezi na mgonjwa, msalimie nesi. Mwite dada, mwite mama, kadiri ya umri wake. Kabla hujaropoka kama nilivyoropoka mimi, mwulize ameingia zamu saa ngapi.

Mimi nilirudi pale baada ya miezi miwili, nikiwa natembea na fimbo, kumwomba radhi yule dada. Nikaambiwa ameacha kazi, amekwenda kufungua duka la dawa mjini. Zamu yake ya usiku ilikuwa haijapata mtu.